Kakakuona Hatafutwi

Nilipokuwa mtoto pale Usevya, macho mekundu yalitosha kumfukuzisha bibi kizee kijijini, au kumzikisha. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nayo, mekundu kama pilipili iliyoiva. Moshi tu. Miaka yote aliinamia mafiga akipika pombe ya mahindi, na hao hao waliokuja kuinywa ndio walionong'ona kwamba amefunga mvua.

Mpunga ulikuwa umekauka. Wakapanga kumhukumu Jumamosi, nyumbani kwa jirani yetu Mzee Tambwe, mtu wa kucha ndefu na mdomo usiofungwa.

Mimi nikajiona nina dawa. Kwetu kakakuona akionekana huwekewa unga, maji na mkuki. Akiendea unga, kuna shibe. Mkuki, vita. Maji, mvua. Nikawaza kitoto: nikimleta, akaendea maji, watamwachia Bibi.

Bibi alinishtukia.

"Kakakuona hatafutwi," akasema. "Huja mwenyewe. Ukimtafuta utampata, na utakachokiona hutakitaka."

"Sitafuti kitu, Bibi."

"Mwongo wee! Mbona miguu inakuwasha?"

Ijumaa alfajiri, baridi ya mwezi wa saba ikiuma masikio, nikaingia porini peke yangu. Watalii husema pori letu zuri. Mimi nililiona mtoni, maji yakiwa yamebaki dimbwi moja. Viboko wamebanana kama magunia, wanaharishiana mgongoni, na mmoja amekufa siku nyingi, tumbo limevimba, wenzake wamemwegemea wanasinzia. Nikatapika uji wote. Nikajifuta, nikaendelea.

Nilimkuta kwenye kichuguu jua likichomoza, ulimi umejaa mchwa. Aliponiona akajikunja kama mpira. Nikamfunga kwenye kitenge, nikambeba mgongoni kama mtoto mchanga. Akaninyea njia nzima. Harufu ile ilikaa kwenye nywele zangu wiki nzima.

Habari ilinitangulia, na siku ile ile kijiji kizima kikajaa kwa Mzee Tambwe. Wakaweka unga, maji, mkuki. Kakakuona akakaa, akakaa, kisha akajikunjua polepole, akaenda moja kwa moja kwenye bakuli la maji.

Vigelegele! Mzee Tambwe mwenyewe akamshika Bibi mkono. "Shemeji, kumbe nyumba yako ina baraka! Nani alisema mchawi? Mimi sikusema."

"Hukusema," Bibi akamjibu. "Ulipiga kelele."

Watu wakacheka, mimi nikacheka zaidi. Kisha nikamwona Mzee Tambwe anapiga goti, anapenyeza ukucha chini ya gamba la mnyama, analing'oa. Gamba la kakakuona, walisema, ukilichoma wachawi hawakaribii. Wote wakamrukia mnyama. Waliong'oa kwa kucha, kwa kisu, kwa meno, naapa, mama mmoja wa kwaya aling'oa kwa meno. Mnyama hakulia. Alijikunja tu, na kadiri alivyojikunja ndivyo magamba yalivyosimama vizuri kwao. Mwisho pakabaki kipande cha nyama chekundu, mainzi juu yake, na maji yake bakulini hakuwa amemaliza kunywa.

Bibi alinivuta sikio hadi nyumbani, akanisugua kwa majivu. Hakunishukuru, wala hakunigombeza. Alisema tu, "Umekiona?"

Mvua ilinyesha mwaka ule. Ingenyesha tu, mawingu hayana habari na bakuli la mtu. Bibi akafa kitandani pake, uzeeni, wale wale waliotaka kumhukumu wakimlilia kwa sauti.

Sasa mimi ndiye mwenye macho mekundu, moshi ule ule. Wajukuu huniuliza kama najuta. Nikiwaza vile vidole na lile gamba lenye nyama bado, chakula hakishuki. Lakini mnirudishe kwenye alfajiri ile, nyie, na Jumamosi ya Bibi iko kesho: ningekwenda tena, kitenge mkononi, nikijua yote. Hilo ndilo linalonichefua kuliko kucha za Mzee Tambwe.