Hofu ya Mke Wangu Baada ya Kutoka Wodini

Mwaka juzi, msimu wa korosho, nilikwenda kwenye matanga Nachingwea, homa ya mapafu ikanilaza huko huko hospitali. Siku mbili za mwanzo sizikumbuki. Nimesimuliwa kwamba nilichomoa dripu nikitaka kuwahi darasani, ilhali nilistaafu ualimu zamani. Mke wangu nilimwita kwa jina la marehemu dada yangu. Aliitika.

Homa iliposhuka, akili ikarudi. Siku ya kuruhusiwa, daktari, binti mwenye sauti ya upole, alituketisha sote wawili. Alisema mzee anayechanganyikiwa hivyo akiwa wodini yumo katika hatari zaidi ya kupoteza kumbukumbu baadaye.

"Si lazima yampate," akamwambia mke wangu. "Lakini mwangalie, mama. Presha ipimwe, atembee, asikae mpweke. Ukiona anabadilika, mlete mapema."

Tukarudi kwetu Nandagala, maswali ya mke wangu yakaanza. Nikinawa: "Hivi leo siku gani?" Nikila: "Mbaazi hizi alituletea nani?" Wiki ya tatu ndipo nikang'amua.

"Unanipima?" nilifoka. "Miaka yote nimetunga mitihani, leo natahiniwa mimi?"

Aliweka chini ungo wa ufuta aliokuwa akipepeta. Akasema kwa Kimwera, lugha anayoikimbilia jambo likimgusa, "Naogopa. Utaniangalia siku moja kama mgeni, nami sitajua ilianza lini."

Niliketi kando yake nikachukua ungo, nikapepeta vibaya, ufuta ukamwagika. Alicheka huku akifuta machozi. Tukakubaliana asinitege tena. Nikisahau jambo, nitamwambia mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikwenda Ruangwa mjini kuchukua dawa ya presha. Nikasimama stendi, mahali nilipopita nusu ya umri wangu, nisijue nielekee wapi. Ilikuwa muda mfupi tu, kisha njia ikanijia. Ningeweza kunyamaza. Nilipofika nyumbani nilimweleza yote.

Alinishika mkono. "Umefanya vizuri kuniambia. Jumatatu twende kwa yule binti."

Tulikwenda. Daktari aliniuliza hiki na kile, akanichorisha uso wa saa kuipima akili. Akasema bado ni mapema kujua, turudi baada ya miezi sita.

Kwenye basi la kurudi mke wangu alisinzia begani mwangu. Nilikaa wima nisimwamshe, nikitazama vijiji vikipita, nikivitaja kimoja kimoja moyoni.