Kilo Zangu na Kilo za Mtoto

Kampuni ile ya ndege niliichagua mwenyewe, kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote za Bukavu. Wakati ule waasi ndio waliokuwa wakitawala mji. Barabara ya Shabunda ilikuwa imekufa, na msituni bunduki zilikuwa za kila aina. Aliyetaka kufika kule alipanda ndege ndogo ya mizigo, akakaa juu ya magunia.

Mama yangu alikuwa Shabunda na ugonjwa wa sukari. Alituma neno kwa fonii, ile redio ya mawasiliano ya parokia: mniletee mtoto nimuone, macho yangu yanazimika. Mtoto mwenyewe alikuwa wangu wa kwanza, bado ananyonya, na bibi yake hakuwa amemuona hata siku moja. Mume wangu alikuwa mwalimu asiyejua tena mshahara ukoje, basi niliuza vitenge vyangu vya ndoa.

Ajansi haikuuza viti, maana viti vilikwisha kung'olewa. Walikupandisha kwenye mizani ileile ya chumvi na sabuni, ukalipa kwa kilo. Nilipanda na mtoto mgongoni. Nikauliza kama na yeye analipa.

Ajenti, kijana wa kravati na viatu vya ncha kali, alisema, "Maman, moteri ya ndege haijue kama ni mutoto ao ni muhogo."

Watu walicheka. Nililipa kilo zangu na za mtoto.

Siku ya safari, kule uwanja wa Kavumu, tulikwisha kukaa ndani wakati jipi ya mkubwa mmoja wa jeshi ilipofika na kreti za bia. Ajenti alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayechagua kuku sokoni.

"Maman mwenye mutoto, shuka."

"Juu ya nini mimi?"

"Kilo zenu ziko sawa na hizi kreti."

Nikashushwa, bia ikapakiwa. Ndege ilipogeuka ilitumwagia vumbi, mtoto akalia na mchanga mdomoni. Bia ilikwenda kwa mama yangu. Mimi nilirudi mjini katika taksi ya wauza ndizi waliotoka Katana, nikinuka mafuta ya ndege ambayo sikuipanda.

Kesho yake nilikwenda ajansi. Ndege iko na pane, imeharibika, alisema ajenti, njo wiki ijayo. Wiki iliyofuata ilikuwa mvua. Baadaye mtu wa vyeo alikuwa amekodi ndege nzima. Kila mara alikuwa anakula, karanga au sambusa, akinijibu na mafuta kwenye midomo. Halafu ikaja fonii nyingine: mama sasa anatofautisha mwanga na giza tu, harakisheni.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kampuni nyingine, bei yake kali, ndege yake inaruka kesho. Nikamwambia ajenti anirudishie pesa yangu, nitakopa ya kuongezea.

"Sisi haturudishake feza, maman. Sisi tuko na deni ya kilo kwako. Leta muzigo ya kilo zenu, tutaituma bure."

"Nitume nini? Nijikate vipande?"

Aliinua mabega, akachukua karanga nyingine.

Basi nilipanda mizani. Nilikaa pale katikati, nikanyoosha miguu, nikafungua kitenge, nikampa mtoto ziwa. Nyuma yangu wafanyabiashara wanawake walikuwa wamepanga foleni na chumvi yao na nguo za mitumba.

"Maman, shuka, watu wako na kazi."

"Mama yangu ananingoja kule. Uliniambia niko kilo. Kilo haishukake yenyewe."

Akamwita askari wa mlangoni. Askari aliona ziwa, akatoka nje kuvuta sigara. Mtoto alishiba, akakojoa, mkojo ukatiririka kwenye chuma cha mizani mpaka kwenye viatu vya ncha kali.

"Shefu, na hiyo pima," alisema mama mmoja wa chumvi, mnene, mwenye sauti ya soko. Foleni nzima ikacheka. Ajenti alitafuta kitambaa, hakupata, akafuta kiatu kwa karatasi ya sambusa.

Mwishowe alimwita yule mama wa chumvi apite mbele alipe. Mama alifungua fundo la kitenge, akatoa noti zake. Ajenti alizihesabu, akapunguza chache, akanipa zilizobaki, bado zina joto la kiuno cha mwenyewe.

"Za mutoto tumekata, frais ya dosie, malipo ya makaratasi. Unaona sasa? Sisi tunaheshimuaka wateja."

Nilimgeukia yule mama.

"Maman, hii ni feza yako. Na weye watakushusha vile vile."

"Najua. Chumvi yangu haiko na mama. Enda."

Niliondoka. Upande wa pili wa barabara walinionyesha mizani, wakasema, "Panda," nikapanda.

Shabunda, kando ya uwanja, zile kreti zilikuwa zimetupwa majanini, chupa tupu, nzi wamejaa. Nilizipita na mtoto mgongoni. Mama alikuwa ameketi mlangoni, uso umeelekezwa mahali ambapo hatukuwepo. Nilimwekea mtoto mapajani. Alimshika miguu, akampapasa masikio, pua, akamwinua juu kwa mikono miwili na kumshusha polepole.

"Iko muzito," alisema. "Anafanana na nani?"

Nikamwambia: na wewe. Hakuwa na namna ya kuhakikisha. Siku waliyonishusha, macho yake yalikuwa bado yanaona.

Zile kilo za mtoto hawajanirudishia mpaka leo.