Pole ya Mzee Kazimierz

Kabla sijamwona Mzee Kazimierz nilimsikia. Tulikuwa tumehamia Crescent Town, mtaa wa Toronto, theluji ya kwanza ikianguka, na asubuhi moja, nikiwa bado ndani ya blanketi, sauti ya piano ilipenya ukutani: ikagonga, ikanyamaza, ikagonga tena palepale, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Mama, aliyekuwa akivaa viatu aende kuwaogesha wazee wa watu, alisema huenda jirani anajifunza. Hakuwa anajifunza. Alikuwa mtunzi wa muziki, na kwao Polandi aliwahi kusimama mbele ya okestra nzima, akiongoza vinanda na tarumbeta kwa kijiti chembamba kama cha mshikaki. Tungo zake kubwa zilipigwa huko. Hapa Toronto alifundisha watoto piano mpaka vidole vikaanza kutetemeka. Jina lake lilimshinda Mama, akamwita Mzee Kazi, naye akaitika.

Mkewe, Halina, alifariki katikati ya baridi ile. Majirani walipita mlangoni pake wakinyata, kana kwamba msiba ni usingizi wa mtoto. Mama alishangaa matanga yako wapi. Akawapigia simu wanawake wa kwaya ya kanisa letu, watu wa Uvira na Bujumbura, nao wakaja na mikeka, sufuria za maharage na chupa za chai iliyonukia tangawizi, wakavua viatu vyenye theluji na kuketi sakafuni kando ya piano. Kila aliyeingia alimshika mzee mkono kwa mikono miwili akasema, "Pole, mzee." Yeye akawa anatazama uso huu na ule. Mwishowe alimuuliza Mama, kwa Kiingereza kilichovunjika kama cha Mama mwenyewe, ni nani aliyewafundisha Kipolandi, na kwa nini wote wanamtajia shamba. Kumbe katika lugha yake neno hilohilo, kwa matamshi hayohayo, ni shamba, na nchi yake ilipata jina humo.

"Mwambieni shamba hatuna," alisema Mama Furaha, mcheshi wa kwaya. "Hata haya maharage tumenunua dukani."

Nilipomtafsiria, mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakukatika. Wanawake hawakumnyamazisha. Walilia naye. Kilio cha wengi ni harusi.

Tangu hapo piano haikukwama tena. Alikuwa akiwatungia wanawake wale wimbo wenye neno moja tu, pole, ili Halina apate mawili kwa pamoja, shamba alikozaliwa na rambirambi za huku alikofia. Jumamosi walifanya mazoezi katika ukumbi wa chini ya jengo, uliokuwa na harufu ya rangi na makoti yenye unyevu. Mzee aliinua mikono, na ile mitetemo ikatoweka, nami nikaelewa kwamba kwake kuongoza ndiko kulikokuwa kupumua. Mama Furaha alilalamika kwamba wimbo unakokota miguu. Mama akamjibu kwamba pole ukiirudia inakuwa polepole, avumilie. Mzee alipoelezwa alipendezwa mno, akaupunguza mwendo zaidi, na Mama Furaha akamwambia Mama aufunge mdomo wake kabla hawajalala wamesimama.

Kisha Marek, mwanawe, akaja kutoka Markham, mji wa jirani. Baba yake alikuwa akisahau jiko likiwaka, na Marek alitaka kumhamishia kwake kabla baridi haijaisha. Mzee hakubisha. Aliomba jambo moja, ausikie wimbo huo mzima kwanza. Tungo zake nyingine zote alikuwa amezisikia hadi mwisho, na Halina akiwa ameketi mstari wa mbele. Huu alitaka ausikie kwa niaba ya Halina.

Siku yenyewe Marek alisubiri ukutani, funguo za gari mkononi. Waliimba kama sijawahi kuwasikia, sauti ikipanda juu ya sauti, mpaka wakakaribia mwisho na Mama akanyamaza. Mama Furaha akamfuata, kisha mwingine, kisha wote. Mzee alibaki na mikono hewani.

"Kimebaki kipande kidogo tu," alisema.

"Mzee, wimbo huu ukiisha, matanga yameisha," Mama alijibu. "Na mimi mama yangu alizikwa kwenye kambi ya wakimbizi na watu baki. Bado sijamlilia."

Nilitafsiri. Mzee alishusha mikono, akasema kama tunavyosema sisi, "Pole, Mama."

Siku hizi okestra ya mji wowote ninaipata kwenye simu, nikiwa jikoni. Katika jengo ninamoishi, jirani akifiwa tunamwandikia pole kwenye kundi la simu, kisha kila mtu anabaki kwake. Ile kwaya imetawanyika, na aliyejua jinsi wimbo ule unavyoishia hayupo tena. Mimi nimekuwa mwandishi, na riwaya zangu nazimaliza, kwa sababu msomaji hudai mwisho.

Mzee siku ile hakudai. Alivaa koti, akakosea vifungo, na Marek akavifungua na kuvifunga upya. Aliwainamia wanawake wale waliokuwa wakilia kama kiongozi anavyoiinamia okestra iliyomaliza kazi yake vizuri, akatoka. Baridi iliingia kidogo, kisha mlango ukafungwa nyuma yake.