Jirani na Jipu Lake

Jirani yangu tunamjua zaidi kwa miguu, maana sehemu nyingine yote huwa chini ya gari lake kuukuu, lile jipu, pale uani. Kutu anaisugua huku akiitukana. Injini anaibembeleza kama mama mkwe aliyenuna. Mikono yake hainawiki ikatakata, na mkewe alishakata tamaa ya mataulo.

Jumamosi iliyopita injini ilikohoa, kisha ikanguruma. Jirani akachomoka uvunguni akipiga kelele, "Mke wangu, imewaka!" Mkewe akatoka jikoni, akavua aproni, akapanda, akabamiza mlango. Mlango ukang'oka, ukabaki mikononi mwake. Jirani akashika kichwa, machozi yakimlengalenga. Mama wa watu akaupakata ule mlango kama mtoto mchanga.

"Sasa unangoja nini? Endesha, huu nitaushika mwenyewe."