Mti Ulioondoka na Fundi

Jirani yangu alikuwa fundi wa dari, na dari ya kwake ilikuwa aibu ya mtaa. Mganga hajigangi, tulikuwa tukimtania, naye akicheka na kujibu, "Wiki ijayo." Chumbani kwa mama yake boriti ilikuwa imeliwa na mchwa mpaka ikapinda. Akaitegemeza kwa mti mnene, ukasimama kando ya kitanda, na bibi huyo akaugeuza pa kutundikia nguo.

Ijumaa hiyo fundi na mkewe walikwenda ufukweni kupumzika mpaka Jumapili. Mke alikuwa akiahidiwa safari hiyo tangu arusi, simlaumu. Bibi wakamwacha, maana nani humchukua mama mkwe hotelini?

Jioni nikampelekea chai. Nikamkuta anakung'uta vumbi kitandani. Nguo zimekunjwa kitini, mti haupo.

"Mwanangu kauchukua asubuhi," akasema. "Labda keshapatengeneza."

Nikampigia fundi, nikaweka spika kwa kuwa bibi hasikii vizuri. Nikamwambia mama yake anasikiliza, nikamuuliza mti uko wapi. Muziki ulikuwa ukisikika nyuma yake.

"Boriti nimeshaikaza, mama. Lala tu, usiogope."

Simu ilipokatika nikamwambia bibi aje alale kwangu. Akakasirika.

"Mwanangu ndiye fundi. Wewe unajua nini habari za dari?"

Nikaondoka nimenuna.

Alfajiri tulisikia kishindo, dari ya udongo imemwangukia bibi. Tulimfukua kwa mikono, na kwa majembe, na tulipomfikia mwili ulikuwa umeshapoa.

Fundi alirudi mchana. Mti ulikuwa nyuma ya pikapu, umefungwa kamba pamoja na miti yake mingine. Mazoea ya kazi: fundi hukusanya miti yake kabla ya kuondoka, la sivyo ataikuta imeibwa. Alipita chumbani na haraka zake, mkono ukafanya ulichozoea. Mkewe ndiye aliyenieleza, analia. Waliuona walipokuwa wakitia mafuta, hata mji hawajauacha. Mume akasema boriti imevumilia mwaka mzima, haiwezi kushindwa na siku mbili.

Fundi akanijia, vumbi la mama yake limemjaa mikononi.

"Kwa nini hukumtoa?"

Ningeweza kumsitiri. Sikutaka.

"Nilimwambia atoke," nikamjibu. "Akaniambia, 'Mwanangu ndiye fundi.'"