Oili ya Kuzoeshea Injini ya Baba

Wateja walimwita Fundi Dada, na jina hilo alilipata kwa jasho. Banda lake la kutengeneza pikipiki lilikuwa la mabati matupu, sakafu nyeusi kwa oili, kila spana kwenye msumari wake. Watu walipanga foleni tangu asubuhi. Mmoja tu hakuwahi kumwita fundi, naye ni baba yake mzazi. Mzee alikuwa fundi mpaka mgongo ulipomgomea, na kazi alimfundisha mwanawe wa kiume. Binti alifundishwa kushika taa. Basi aliishika miaka saba, macho kodo, akaiba ujuzi wote.

Siku injini ya pikipiki ya mzee ilipokufa, yule mwana alikuwa safarini. Mzee akaisukuma mpaka bandani kwa binti yake, uso ameukunja kama aliyelamba shubiri.

“Nakuachia kwa sababu sina jinsi,” alisema. “Usinitie aibu.”

Siku nne binti alifanya kazi roho juu. Silinda ikachongwa upya, pistoni mpya, na ringi zake mpya. Hakutaka asante. Alitaka tu mzee akiulizwa nani kaiunda injini hii, amtaje yeye.

Ikabaki oili. Akachagua ya kawaida kabisa, ya kopo jeusi, ile ambayo wapenda sifa huibeza. Alijua anachofanya: ringi mpya na silinda iliyochongwa upya lazima zisuguane kidogo ndipo zikae sawa, na oili ya bei mbaya huteleza mno, haiziachi zikae.

“Baba, nenda nayo kilomita mia tano, polepole. Kisha niletee niimwage nikutilie nyingine.”

“Hii si ndiyo wanatia kwenye mashine za kusaga?”

“Ndiyo hiyohiyo. Injini mpya haitaki kudekezwa.”

Mzee aliguna, akapiga kiki, akaondoka bila kugeuka.

Wiki ya tatu alirudi na wingu la moshi wa bluu, foleni nzima ikakohoa.

“Mnaona?” aliwaambia wateja. “Injini si sufuria!”

Wakacheka, hata wale aliowatengenezea jana yake. Fundi Dada akapiga magoti chini ya injini. Nati ya kumwagia oili ilikuwa imetafunwa kona zote, kazi ya spana malaya, ile inayoshika nati za kila saizi na kuziharibu zote. Bandani kwake haikuwemo. Mzee hakuwahi kutumia nyingine.

“Baba, ulibadilisha oili.”

“Nilitia ya maana, ya kopo la dhahabu. Ulitaka watu waseme injini yangu inanyweshwa uchafu?”

“Lini?”

“Siku ileile. Nilipofika nyumbani tu.”

Siku ileile! Hata siku moja hakumpa. Machozi yalimlenga, akayameza, akajaribu kueleza habari za ringi. Mzee alikuwa ameshakalia pikipiki.

“Sasa imekuwa kosa langu? Mdogo wako amerudi, atanitengenezea.”

Siku ya pili mdogo wake akapiga simu.

“Dada, nimeifungua. Ringi hazikukaa, silinda inang'aa kama kioo. Lakini kazi yako safi, sina la kusema. Sasa nifanyeje?”

Mimi ningekata simu. Yeye hakukata.

“Ikwaruze silinda kidogo kwa msasa, tia ringi mpya. Oili tia ya kawaida, ya kopo jeusi. Ila imimine kwanza kwenye kopo la dhahabu, baba akuone ukiitia.”

“Si nimwambie tu kuwa wewe ndiye umesema?”

“Ukimwambia, ataimwaga.”

Mdogo wake akasema sawa. Hakubisha zaidi ya hapo, na hilo nalo liliuma.

Mwezi haukuisha, mzee akasimama mbele ya banda. Injini ilinguruma taratibu, moshi hakuna hata wa dawa. Kijana wa kwanza kwenye foleni akaisifu.

“Mwanangu huyo,” mzee alisema, kifua mbele. “Huyo ndiye fundi.”

Kisha akamgeukia binti yake.

“Mama, tairi la nyuma limelegea. Nijazie upepo. Injini usiiguse.”

Fundi Dada akachukua pampu, akachuchumaa, akajaza.