Wivu wa Mama Viraka katika chumba cha seva

Saa tatu asubuhi, Mama Viraka anafunga zipu ya sweta hadi kidevuni na kuingia chumba cha seva. Nje jua ni kali; humu viyoyozi vinanguruma na vidole vinakufa ganzi. Anawasha kompyuta yake na, kabla ya yote, anachungulia takwimu za mwenzake.

"Sifichi," anasema. "Yule ananitia wivu mpaka chai inanikwama."

Mwenzake ni fundi wanayemwita Chapuchapu. Kila mmoja anatunza seva kumi, kompyuta kubwa za kuhudumia wateja. Ndani ya kila seva zimo kompyuta pepe thelathini, zilizoundwa kwa programu tu, kila moja na mteja wake, zote zikitumia prosesa zilezile, ubongo wa seva, kama wapangaji wa nyumba moja.

Miezi miwili iliyopita ilitoka habari kwamba prosesa hizo zina kasoro. Ili kuokoa muda, hubahatisha kazi inayofuata, na kubahatisha huko huacha alama. Mpangaji mjanja anaweza kuzisoma akapata siri za jirani. Kikaja kiraka, programu ya kuziba kasoro. Kinaziba kweli, ila kinapunguza kasi.

Mama Viraka alikiweka. Ripoti ya dakika ishirini ikachukua ishirini na sita, wateja wakamjia juu. Chapuchapu naye alikiweka, lakini kompyuta zake hazikupungua kasi hata kidogo. Meneja akampigia makofi mbele ya wote. Cheo cha msimamizi wa chumba, ambacho mama huyu amekingoja miaka tisa, kikaonekana kuhamia upande wa pili.

"Nilinuna wiki nzima. Mume wangu akaniuliza, 'Mama, umeninunia mimi au umeinunia prosesa?'"

Wiki mbili zilizopita uvumilivu ulimwisha, akaanza kuchunguza siri ya mwenzake. Akaikuta. Chapuchapu alikuwa amewasha upya kompyuta pepe kutoka ndani tu. Kinga mpya haizifikii mpaka zizimwe kabisa, kisha ziwashwe. Kasi aliyosifiwa kwayo ilikuwa ya milango iliyobaki wazi.

"Moyo uliruka! Nikamwandikia meneja barua pepe ndefu. Ilibaki kubonyeza tu."

Hapo Chapuchapu akaingia kumletea kikombe cha chai, amekifunika kwa kisahani kisipoe, kama anavyofanya kila asubuhi.

"Dada, mbona leo unatabasamu? Kuna heri?"

Mama Viraka akaifuta barua. Akamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Uwii, dada! Nimekwisha."

"Hujaisha. Vuta kiti. Tunazima moja moja."

Iliwachukua siku nzima. Kesho yake kompyuta za Chapuchapu nazo zikawa nzito, na mwenyewe akaenda kwa meneja kueleza kosa lake. Walipokagua, hawakuona dalili ya siri iliyoibwa.

"Unajua kilichofuata? Akapigiwa makofi tena! Eti kwa ukweli wake. Mimi nikaambiwa ahsante kwenye korido."

Msimamizi atatangazwa mwezi ujao. Mama Viraka ameomba nafasi hiyo, na barua ya kumpendekeza imeandikwa na Chapuchapu, aliyekataa kuomba yeye. Anaitoa mkobani, imekunjwa mara nne, pembe zimeshachakaa kwa kusomwa.

"Nikipata, nataka kila fundi hapa afundishwe kuzima kabla ya kuwasha, na chai nitaleta mimi," anasema. Anaisoma tena, kisha anakunja uso. "Lakini mtazame! Hata kuandika ananishinda."